Chungu cha Yudith

Mimi na Yudith hatupendani, na kwa kuwa kijiji kizima kinajua, sioni sababu ya kulificha hapa mwanzoni. Mchungaji ameniomba niandike habari za maisha yake ziwekwe kwenye kitabu cha usharika, maana wanaokumbuka mambo ya zamani tumebaki wawili, yeye na mimi. Yeye alipoombwa aseme habari zake mwenyewe alijibu kwamba ana vyungu vya kuchoma. Basi naandika mimi. Asiyependa ninavyoandika na aandike yake.

Kanisa letu la Kwamrita limekaa juu ya kilima. Ukisimama mlangoni unaiona Maore yote kule chini, na mbuga mpaka macho yachoke. Lilijengwa wakati wa Mjerumani kwa mawe na udongo, kuta zake nene kuliko urefu wa mkono wangu. Siku hizo pembe ikilia alfajiri ni msaragambo, kazi ya wote, hakuna kuuliza. Kila nyumba iliagizwa ilete jiwe moja kubwa kutoka mtoni, libebwe kichwani, lichongwe alama ya nyumba hiyo, liingie ukutani. Mpaka leo kila nyumba inalijua jiwe lake. Letu liko kulia kwa mlango, lina alama ya jembe, na bibi yake mume wangu alilibeba akiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto akibatizwa, mkono wake unagusishwa jiwe la kwao. Msichana akiolewa, analiaga jiwe la baba yake na kulishika la mumewe. Jeneza likitoka linazungushwa kanisa kwa nje, na likifika penye jiwe la marehemu wimbo unakatwa. Mkubwa wa nyumba anaweka kiganja pale na kulitaja jina. Baada ya hapo ndipo tunakwenda makaburini. Mtu anaweza kukaa Dar es Salaam miaka arobaini, lakini akifa wanamleta, kwa sababu jiwe lake liko hapa.

Nyumba moja haikuleta jiwe. Ni ya mzee Kibacha, babu yake Yudith. Kilima kile kilikuwa msitu wa ukoo wao. Ndipo walipowalaza wakubwa wao na kuombea mvua, na miti yake ndiyo iliyokatwa ikawa kenchi za kanisa. Kibacha alisema, "Msitu mmeshachukua. Mnataka na kichwa changu kiwabebee mawe?" Akabaki kwake.

Sasa sheria ya msaragambo ilikuwa hivi. Usipokuja, wenzako wanaingia kwako, wanakiteremsha chungu kilicho mafigani hata kama kinachemka, wanaondoka nacho. Ukikitaka, lete kazi uliyoikwepa. Wakaingia kwa Kibacha, wakamwaga makande chini, wakachukua chungu. Mkewe alikuwa mfinyanzi na alikuwa amekifinyanga mwenyewe, kikubwa cha watu kumi, shingoni amekichora mistari mitatu kwa gunzi la hindi. Kibacha hakuleta jiwe, na chungu hakikurudi. Kikawekwa stoo ya kanisa, na kila mwaka kabla ya Pasaka, wanawake wanapopaka kuta kwa ndani udongo mweupe, ndicho walichokorogea.

Ufunguo wa stoo ile alikuwa nao mama mkwe wangu. Alipochoka akanipa mimi. Huu ni mwaka wa arobaini na sita ninao.

Yudith ananizidi miaka miwili. Maisha yote amenidai shikamoo ya miaka hiyo miwili, na maisha yote nimempa, kwa kuwa nililelewa. Huitikia taratibu, "Ma-ra-ha-ba," kama anayelamba asali.

Alipokuwa na miaka kumi, sisi watoto wa shule tulipelekwa kuwachotea maji akina mama waliokuwa wakipaka kuta. Yudith akakiona chungu. Akapitisha kidole kwenye ile mistari mitatu, akasema, "Hiki ni cha bibi."

Mwanamke aliyekuja kuwa mama mkwe wangu akamjibu, "Cha bibi yako kinatafuta nini huku? Mwambie babu yako alete jiwe."

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilicheka kwa sauti ili wakubwa wanione. Yudith aliinama, akakitwika chungu kichwani kama kilivyo, na udongo wake ndani, akatoka nacho. Alifika makaburini wakamkamata. Udongo mweupe ulikuwa umemtiririkia usoni mpaka kifuani. Walimchapa pale pale na hakulia, ila alinitazama mimi. Uadui wetu umri wake ni huo.

Tukakua. Siku ya kipaimara, kila mmoja alikwenda kusimama penye jiwe la kwao, mkono ukutani, mchungaji apite akibariki. Yudith alisimama katikati ya kanisa peke yake, mikono imening'inia. Mtu mwingine angehama. Siku hizi makanisa ni mengi, ya turubai na spika. Mara moja nilimuuliza kwa nini haendi kwa hao, wasiouliza habari za mawe.

"Niende wapi?" akaniambia. "Hapa ndipo walipolala watu wangu. Wageni ni ninyi."

Akaolewa na Elirehema, mtu wa Msangeni aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Naye hakuwa na jiwe kwetu. Siku ya harusi nilisema, na nilihakikisha nasikika, "Ametafuta wa saizi yake. Wote hawana jiwe."

Yudith akanigeukia na shela lake. "Na wewe umeolewa na jiwe kabisa. Tuone kama litakuchekesha."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Marehemu mume wangu kweli hakuwa msemaji.

Wakaishi kwenye mkonge miaka mingi, wakazaa, wakazika wawili, wakarudi mlimani mume akiwa mgonjwa wa kifua. Yudith akashika ufinyanzi wa bibi yake. Hilo nitalisema kwa haki: hakuna mfinyanzi kama yeye. Udongo anauonja kwa ulimi kabla ya kuuchimba, anatema, anakwambia huu utapasuka na ule hautapasuka. Vyungu vyake vimeuzwa Maore na Kisiwani tangu sijapata mvi. Hata mimi ninacho kimoja. Nilimtuma mtu aninunulie.

Elirehema alipokufa mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza kuimba. Jeneza likazungushwa kanisa kama desturi, likapita kulia, likapita nyuma, likapita kushoto. Ningeweza kukata wimbo mahali popote, hata pa uongo, mke akaweka mkono kwenye ukuta akalitaja jina la mumewe. Sikukata. Tuliimba beti zote mpaka makaburini.

Baada ya arobaini alikuja kwangu. Sikumkaribisha kiti.

"Nipe chungu cha bibi," akasema. "Nimezeeka. Nataka nikirudishe mafigani kabla sijafa. Sitaki kingine kwenu."

"Lete jiwe."

"Sileti."

"Basi kitakaa."

"Na mimi nitakaa," akasema. Tangu hapo kila Jumapili alikaa benchi la mwisho nyuma, mlangoni pa stoo, bega lake limegusa mlango. Nikienda kufungua ananisogezea magoti kidogo tu, nipite kwa shida.

Ndipo likaja suala la simenti. Tulikuwa tunajiandaa kwa jubilei, na kamati aliiongoza Rodrick, kijana wa hapa anayefanya kazi za ujenzi Same mjini. Akasimama mbele ya washarika na simu yake mkononi.

"Wazee wangu, shikamooni. Ndani tunapiga lipu ya simenti, tunaweka na rangi. Nje mawe yenu yanabaki kama yalivyo, tunaziba viungo tu. Miaka hamsini hamshiki tena udongo. Mama zetu wapumzike."

Watu wakapiga makofi. Kule nyuma Yudith akasimama.

"Ukuta huo umeshikwa na udongo," akasema. "Unapata maji na unayatoa, ndiyo maana upo. Ukiufungia simenti utayanywa usiweze kuyatoa. Utavimba kama mtu wa figo."

"Bibi, hii ni sayansi."

"Na nilichokuambia mimi ni nini, kachumbari?"

Wakacheka, na nikaona wengine wanaanza kutikisa vichwa kumkubali. Ndipo mtu mmoja akasema kwa sauti, "Tangu lini asiye na jiwe akaongelea ukuta?" Aliyesema ni mimi.

Naandika haya kwa sababu mchungaji alisema niandike yote. Nilijua Yudith anasema kweli. Nimeupaka ukuta ule miaka sitini, najua unavyonyonya udongo kama kitambaa kikavu na unavyopumua asubuhi. Wakapiga kura kwa mikono, mikono ikakaribia kulingana, na mchungaji akanitazama mimi mwenye ufunguo. Kama Yudith angekaa kimya siku ile ningekataa simenti. Lakini kukaa upande mmoja na Yudith mbele ya watu wote, hilo sikuliweza. Nikanyosha mkono wa simenti.

Jubilei ilipendeza. Kuta ziling'aa kama sahani. Masika ilipokuja ukuta wa kusini ukaanza kutoka jasho kwa ndani. Mimi nilikuwa nikifika mapema Jumapili naufuta kwa kanga yangu kuukuu kabla watu hawajaingia. Kiangazi kikapita, nikaona umetoka tumbo. Sikumwambia mtu. Vuli, siku ya Jumanne saa nne asubuhi, tukasikia mshindo kama lori limemwaga kokoto. Nusu ya ukuta wa kusini ilikuwa imelala nje kwenye majani, mawe ya nyumba kumi na moja yamesambaa na alama zao, na ndani ya ukuta udongo ulikuwa uji. Watu walilia kama kwenye msiba. Mzee Sifael, mwenye jiwe la alama ya mwezi, alikaa juu yake siku nzima akikataa kuondoka, mpaka wakamletea uji pale pale.

Yudith alikuja, akaingiza kidole kwenye ule uji, akauonja, akatema. Akaondoka bila kusema hata neno moja. Afadhali angetukana.

Fundi wa mjini akasema tuvunje lote tujenge la tofali. Hakuna aliyekubali. Kujenga upya kwa udongo, anayeujua ule udongo ni mmoja tu. Mchungaji akanituma mimi, nadhani kwa makusudi. Nikamkuta Yudith uani anafinyanga.

"Shikamoo."

"Ma-ra-ha-ba. Umekuja kuniambia nini nisichokijua?"

"Tunahitaji udongo."

"Udongo umejaa mlima mzima. Chimbeni."

"Yudith, usinichezee. Unataka nini?"

Akakizungusha chungu alichokuwa nacho mapajani, akakilainisha mdomo. "Chungu cha bibi. Nitakorogea humo udongo wa kumalizia, na kazi ikiisha naondoka nacho."

"Na jiwe?"

"Hakuna jiwe."

"Basi hakuna chungu."

"Basi hakuna ukuta."

Nikarudi kwa mchungaji. Akanisikiliza, akacheka. "Mama Fredrick, mpe tu. Ni chungu."

Yeye ni mtu wa kuletwa, hakuzaliwa hapa. Nikaitika ndiyo kwa mdomo. Lakini kile chungu kikitoka bure, basi kila aliyepinda shingo chini ya jiwe alikuwa mjinga, na yule mama wa mimba ya miezi saba alikuwa mjinga kuliko wote. Na sikuwa na usemi tena wa kukizuia, kwa ule mkono wangu niliounyosha.

Januari kazi ikaanza. Yudith aliletewa kigoda, akakaa mbele ya ukuta kama hakimu. Aliwachimbisha wanaume udongo mahali patatu, akauonja wote, akaukataa mmoja. Rodrick alivua viatu vyake vya mjini, akapewa kazi ya kuukanyaga pamoja na majani makavu.

"Kanyaga, injinia," Yudith akamwambia. "Ndiyo sayansi yenyewe hiyo."

"Bibi, nimekoma."

"Hujakoma, umechoka tu. Kanyaga."

Mawe yote yenye alama yakarudi mahali pake, kila nyumba ikilitambua lake. Siku ya kumi na tatu ukabaki mwanya mmoja wa juu, kwa kuwa jiwe moja lisilo na alama, la Wajerumani wenyewe, lilipoanguka lilipasuka likawa kokoto. Rodrick akasema ataleta tofali moja kesho aliingize pale.

Kesho yake niliamka, nikasokota kata ya majani ya mgomba, nikashuka mtoni. Nina miaka sabini na tisa. Jiwe nililolichagua halikuwa kama ya wale wa zamani, lakini lilikuwa jiwe, na mtu aliyenisaidia kulitwika nilimwambia asinifuate. Nilipumzika mara tano. Mara ya nne nilidhani sitainuka. Watu walitoka majumbani wakitaka kulipokea na niliwafukuza, mmoja nilimtukana. Nilifika kilimani jua likiwa utosini, shingo yangu imekuwa kama si yangu.

Yudith alikuwa kwenye kigoda chake, chungu cha bibi yake mbele yake, amekoroga udongo wa mwisho. Aliniona tangu kwenye kona. Hakusimama.

"Ni nini hicho?"

"Jiwe."

"La nani?"

"La chungu."

Mafundi wakaacha kazi. Yudith akanitazama kama alivyonitazama siku ile pale makaburini.

"Nani amekutuma?"

"Sheria inasema kazi iletwe," nikasema. "Haisemi iletwe na nani."

"Tumekataa tangu wakati wa Mjerumani. Leo unakuja wewe kutukubalia?"

"Sijakukubalia. Nimekilipia chungu. Babu yako bado amekataa, na aendelee kukataa huko aliko."

"Na mkono wako ulionyosha?"

Kulikuwa na watu. Nikainamisha kichwa, jiwe likatua kwenye majani mbele ya miguu yake, na sikuweza kuinuka mpaka Rodrick aliponishika mkono.

Sasa ikawa juu yake. Mwanya uko pale, udongo uko tayari, na akiuacha utakauka. Angeweza kulipiga teke lile jiwe, na mimi nilikuwa tayari kwa hilo. Akalizunguka. Akaliinamia, akaonja vumbi lake kwa ncha ya ulimi, sijui alikuwa anatafuta nini. Kisha akaingiza mikono yote miwili chunguni, akatoa udongo, akawaambia wanaume walinyanyue. Alipanda kwenye ngazi mwenyewe, bibi wa miaka themanini na moja, akalizibia viungo kwa vidole vyake.

Rodrick akauliza kutoka chini, "Tuchonge alama gani, bibi?"

"Hakuna alama."

"Sasa nani atajua ni la nani?"

"Atajua huyu," Yudith akasema, akaninyoshea kidole kilichojaa udongo. "Limkae rohoni kila Jumapili."

Akashuka. Akakisuuza chungu kwenye bomba mara tatu na weupe wake haukutoka, umeshaingia mwilini mwake. Akajitwisha, akapita makaburini, njia ile ile. Hakuna aliyemfuata. Mimi nikaingia stoo, nikakiona kile kiduara cheupe sakafuni kilipokuwa kikikaa, nikafunga mlango.

Jumapili tuliyoingia tena kanisani, alikuwa benchi la mwisho, bega mlangoni. Nilidhani akishapata chake ataondoka. Na Pasaka hii wanawake wamekorogea udongo kwenye ndoo za plastiki, ukawa unashika vibaya, na Yudith akapita nyuma yetu akisema kwa sauti, "Kumbe hata chungu hamna." Tukagombana mpaka mchungaji akatoka ofisini. Jiwe lile liko juu, ukiangalia kutoka nje ni la kwanza chini ya bati, halina alama, na ni kweli kila ninapoingia macho yangu yanakwenda pale.

Juzi nilipita njia ya kwake natoka shambani. Yuko uani, mafiga yanawaka, na chungu cha mistari mitatu kiko juu yake kinachemka. Kwa harufu nilijua ni makande. Nikapita kimya.

"Shikamoo leo imekwisha?" akaniita.

"Shikamoo."

"Ma-ra-ha-ba." Akafunua chungu, akachungulia, akafunika. "Pita zako. Makande hayajaiva."

Nikapita zangu.